Kongamano Ukumbini au Mtandaoni: Kipi Kinatosha kwa Sikio, Kipi Kinataka Mwili?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na Maswahaba zake.



Kabla muhula huu haujaisha, wanachama wa jumuiya yetu watapiga kura juu ya pendekezo moja: kwamba kongamano letu la mwaka lisifanyike tena ukumbini, bali lihamie mtandaoni moja kwa moja. Wanaolitetea wana hoja nzito. Ukumbi unalipiwa, chakula kinalipiwa, nauli za masheikh zinalipiwa. Mwanafunzi anayetoka Arua kuja Kampala anasafiri takriban kilomita 500 kwa basi, na wenzetu wanaotoka Bujumbura au Goma wana mipaka ya kuvuka. Wanaolipinga nao wanasema kongamano la kwenye simu "si kongamano". Ukiwauliza kwa nini, wengi wananyamaza.

Katika somo hili nataka tulipeleke swali hili kwa wanazuoni wetu. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na katika Mustalah al-Hadith na Fiqhi nimekuta kwamba wao walishaulizwa jambo hili kwa sura nyingine. Waliulizwa: elimu ikimfikia mtu ambaye hakukaa mbele ya mwalimu, inahesabika? Na watu wawili wakifunga mkataba kila mmoja akiwa mji wake, mkataba unasihi? Majibu yao yana faida kubwa kwetu kabla hatujanyoosha mikono.

1. Tulifikaje hapa

Machi 2020 vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya korona, na misikiti pia ikafungwa. Darsa zikahamia WhatsApp, YouTube na Zoom. Halikuwa jambo la hiari, ilikuwa dharura. Tangu hapo wengi wetu tumezoea kumsikiliza sheikh aliye Mombasa au Madina tukiwa tumelala kitandani hosteli.

Hali hii haikuwa yetu peke yetu. Kule Marekani, ISNA, ambayo mizizi yake ni jumuiya ya wanafunzi Waislamu iliyoasisiwa mwaka 1963 katika jimbo la Illinois, ilifanya kongamano lake la mwaka 2020 kwa mtandao. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamerudi ukumbini, Rosemont, karibu na Chicago. Tuzingatie hili: wale hawakurudi kwa kukosa intaneti. Wana intaneti kuliko sisi, na bado walilipa nauli ili waonane. Lazima kuna kitu walichokikosa. Tukitafute.

2. Waliosafiri na walioandikiwa

Wengi wetu tunakijua kisa cha Jabir bin Abdillah (r.a.). Alisikia kwamba kuna hadithi moja aliyonayo Abdullah bin Unays (r.a.) huko Sham. Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima, akaisikia kwa masikio yake. Imam al-Bukhari amelitaja tukio hili katika Kitabu cha Elimu ndani ya Sahihi yake. Baadaye al-Khatib al-Baghdadi aliandika kitabu kizima kuhusu safari za kutafuta hadithi. Wanaopinga mtandao hupenda kuishia hapa.

Lakini wanazuoni wale wale hawakuishia hapo. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria na aliyesomesha Dar al-Hadith al-Ashrafiyya mjini Damascus, alizipanga njia za kupokea hadithi kuwa 8. Ya kwanza ni kumsikia sheikh kwa mdomo wake. Ya pili ni mwanafunzi kumsomea sheikh. Kisha inafuata ijaza, yaani ruhusa ya kupokeza, kisha kukabidhiwa kitabu, kisha mukataba, yaani sheikh kumwandikia mwanafunzi aliye mbali, kisha zile zilizobaki, ya mwisho ikiwa ni mtu kukuta maandishi ya sheikh bila kuyasikia kwake wala kuruhusiwa naye.

Angalia walivyofanya. Hawakusema kwamba aliyeandikiwa barua hakupokea chochote. Wala hawakusema kwamba barua ni sawa na kukaa mbele ya sheikh. Waliweka daraja, na kila daraja wakaipa tamko lake, ili mpokezi asiseme "amenihadithia" ilhali aliandikiwa tu. Huo ni uaminifu ambao mjadala wetu unauhitaji. Mtandao una daraja yake. Tusiukane, na tusiupe daraja isiyo yake.

Wakaingia ndani zaidi. Je, mtu akimsikia sheikh kutoka nyuma ya pazia, bila kuuona uso wake? Shu'ba bin al-Hajjaj alilikataa hilo. Alichelea asije akawa anayesema si mwenyewe. Jamhuri walilikubali, maadamu sauti inajulikana au mtu mwaminifu amethibitisha kwamba msemaji ni yeye. Hoja yao ni kwamba watu walipokea elimu kwa Bibi Aisha (r.a.) na wake wengine wa Mtume (s.a.w.) kutoka nyuma ya pazia. Basi kutouona uso peke yake hakubatilishi elimu. Na hofu ya Shu'ba nayo haijazeeka, katika zama hizi ambapo sauti ya sheikh inaweza kughushiwa kwa kompyuta.

3. Mwili upo, moyo uko wapi?

Tatizo jingine la mtandao linalosemwa sana ni kwamba watu hawasikilizi. Mtu amefungua kongamano huku anafua, au anajibu ujumbe, au anamalizia kazi ya mhadhiri. Hata hili lina mlango wake katika elimu ya hadithi. Wanazuoni walijadili kusikia kwa mtu aliyehudhuria darsa huku ananakili kitabu kingine. Ibrahim al-Harbi na wengine walisema kusikia kwake hakusihi.

Hapo ndipo kinapotajwa kisa cha Imam ad-Daraqutni. Akiwa kijana alihudhuria darsa ya Ismail as-Saffar, sheikh anasomesha, yeye ananakili daftari jingine. Mtu mmoja akamwambia kwamba kusikia kwake hakusihi. Ad-Daraqutni akamuuliza: sheikh amesomesha hadithi ngapi mpaka sasa? Yule bwana hakujua. Akamwambia ni 18, kisha akazitaja moja baada ya moja, pamoja na sanadi zake na kwa mpangilio wake. Watu wakastaajabu.

Ibn as-Salah akachagua kauli ya kati: kama kuandika kunamzuia mtu asielewe kinachosomwa, kusikia kwake hakusihi, kama hakumzuii, kunasihi. Funzo lake kwetu ni zito kwa pande zote mbili. Aliyekaa kiti cha mbele ukumbini huku anachezea simu hakuhudhuria, na msafara wake wa kilomita 500 haumsaidii. Naye aliye mbali, moyo wake ukiwa hapo, amehudhuria katika kile kinachopokelewa kwa sikio. Ila tukumbuke kwamba kina Daraqutni ni wachache. Kwa wengi wetu, simu inayoleta darsa ndiyo simu inayotutoa darsani.

4. Fiqhi ya kikao

Sasa twende kwenye Fiqhi. Katika mikataba, wanazuoni hushurutisha kikao kimoja baina ya muuzaji na mnunuzi. Simu ilipoenea, swali likaja: watu wawili walio mbali wanakutana katika kikao kimoja?

Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah mwezi Machi 1990, katika kikao chake cha 6, ikatoa azimio namba 52. Ilisema kwamba mkataba ukifungwa kwa wakati mmoja na watu wawili walio mahali tofauti, kwa simu au redio ya mawasiliano, unahesabiwa kuwa ni mkataba wa watu waliopo pamoja. Lakini ikatoa mambo 3 nje ya kanuni hiyo: ndoa, kwa kuwa inahitaji mashahidi, kubadilishana fedha, kwa kuwa kila mmoja lazima akabidhi hapo hapo, na bei ya salam, kwa kuwa mtaji lazima utangulizwe kulipwa.

Hapa ndipo penye ufunguo wa somo letu. Wanazuoni hawakuuliza simu ni nzuri au mbaya. Waliutazama kila mkataba na kuuliza: huu unakamilika kwa maneno tu, au kuna kitu kinachotakiwa kushuhudiwa au kukabidhiwa? Kinachokamilika kwa maneno wakakiruhusu kipite kwenye waya. Kinachotaka macho ya mashahidi au mkono kwa mkono wakakiangalia kwa tahadhari. Kwa mantiki hiyo hiyo, ilipofika 2020, wanazuoni wengi walikataa Ijumaa ya kumfuata imamu kwa televisheni au mtandao ukiwa nyumbani, ijapokuwa hotuba yake inasikika vizuri kabisa.

Basi nasi tusiulize "ukumbi au mtandao?" Tuichukue ratiba ya kongamano letu, kipengele baada ya kipengele, na kwa kila kimoja tuulize: hiki kinatosha kwa sikio, au kinataka mwili?

5. Mlango ambao mtandao umeufungua

Imepokewa na al-Bukhari kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba wanawake walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaume wamewazidi katika kumpata, wakamwomba awatengee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia kwamba utaratibu uliopo unatosha. Utaratibu ulikuwa unawaacha watu nje, akauongezea.

Utaratibu wetu wa ukumbini unawaacha nani nje? Dada ambaye wazazi wake hawamruhusu kusafiri na kulala mbali. Mwenye ulemavu ambaye ukumbi wetu una ngazi tupu. Ndugu aliye kambi ya wakimbizi. Aliyekosa nauli na akaona haya kusema.

Mwaka jana vikao viwili vya kongamano letu vilirushwa mtandaoni, nami nikapewa kazi ya kupokea maswali yaliyoandikwa. Katika muda wa saa moja nilipokea maswali ya kina dada kuhusu tohara na funga ambayo sijapata kuyasikia yakiulizwa kwenye kipaza sauti. Likaja na swali la mtu aliyejitambulisha kwa herufi mbili tu. Alisema ana miezi mitatu tangu asilimu, anaishi chumba kimoja na watu wasiojua, na anataka kujua atamwambiaje mama yake. Ukumbini, mbele ya mamia ya watu, asingesimama kamwe.

Kwa hiyo anayesema tuufunge mtandao kabisa, anaufunga mlango ambao watu hawa wameingilia. Hilo haliafikiani na mwenendo tuliofundishwa.

6. Vijana wa siku 20

Lakini tumfuate yule mwenye herufi mbili. Sheikh alimjibu kwa hekima, kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha kikao kikafungwa. Majina kwenye skrini yakaanza kutoweka, na baada ya dakika moja nilibaki na skrini tupu. Nilikuwa na swali lake, sikuwa na mtu wa kumshika mkono. Ukumbini, baada ya dua ya kufunga, watu hawaondoki. Wanabaki wakinywa chai, wakiulizana anatoka wapi, anasoma nini, mpaka mlinzi aje kufunga mlango. Mtu kama yule angeambiwa na mwenzake, "Hata mimi mama yangu alilia, njoo nikusimulie." Kisha angepewa mahali pa kufuturu Ramadhani itakapofika.

Malik bin al-Huwayrith (r.a.) amesimulia, na hadithi iko kwa al-Bukhari, kwamba walimjia Mtume (s.a.w.) wakiwa vijana wa umri unaokaribiana. Kwa maneno ya leo tungesema ni rika la chuo. Walikaa kwake siku 20. Mtume (s.a.w.), aliyekuwa mpole na mwenye huruma, akaona kwamba wamewatamani watu wao. Akawauliza wamewaacha kina nani nyuma, kisha akawaambia warudi, wawafundishe, na waswali kama walivyomwona yeye akiswali.

Tulitafakari hili kwa utulivu. Kwanza, aliwaambia waswali kama walivyoona, hakuwataja kusikia peke yake. Kuna elimu inayoingia kwa macho ya mtu anayeishi nawe: sheikh anavyotawadha kwa maji machache, anavyomjibu anayemkera, anavyonyanyuka kumpisha mzee. Pili, hakuna aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wamechoka kukaa mbali na nyumbani. Aliliona mwenyewe. Kamera ya simu inaonyesha uso, tena ukipenda unaizima. Upweke wa mtu unaonekana pale anapokula peke yake pembeni, na hilo halionekani kwenye skrini.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Allah (s.w.t.) ametueleza kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Mganda, Mnyarwanda, Mkongomani na Mkenya wanaweza kusikiliza mada moja wakiwa kila mmoja chumbani kwake, na wasijuane. Wakipanga safu moja ya swala ya Alfajiri, wakala sinia moja, wakaosha masufuria pamoja, hapo wamejuana.

7. Hesabu ya bando

Inasemwa mtandao ni bure. Tupige hesabu. Kwa vipimo ilivyotangaza Zoom yenyewe, sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video ya kawaida ya ubora mzuri kama kilobiti 600. Kwa saa moja, sauti inakula MB 36 hivi, na kupokea video kunakula MB 270 hivi. Kongamano la siku 2, saa 6 kila siku, ni saa 12: kwa sauti ni kama MB 430, kwa video ni zaidi ya GB 3. Ukifungua na kamera yako, zidisha.

Hapa Uganda, tangu Julai 2021, data za intaneti zina kodi ya asilimia 12. Na tukumbuke Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Jumuiya iliyoweka kila kitu chake mtandaoni ingekuwa kimya siku hizo. Kwa hiyo mtandao haujaondoa gharama. Umeihamisha kutoka kwenye mfuko wa jumuiya kwenda kwenye mfuko wa mwanafunzi mmoja mmoja, na aliye maskini zaidi ndiye anayekatikiwa katikati ya mada.

8. Rai yangu

Kwa haya yote, mimi nitapiga kura ya kulikataa pendekezo kama lilivyoandikwa, na nitaomba lirekebishwe hivi.

Kwanza, mada ndefu ziende mtandaoni. Hotuba ya saa moja ya sheikh aliye mbali inatosha kwa sikio. Irushwe kwa sauti, irekodiwe, iwekwe mahali ambapo aliyekatikiwa ataipata baadaye. Nauli yake ya ndege ibaki kwenye hazina.

Pili, ukumbini vibaki vinavyotaka mwili: swala za jamaa, kisomo cha Qur'ani mbele ya mwalimu anayerekebisha makhraji kwa kuutazama mdomo, halaqa ndogo, ushauri, chakula, na mapokezi ya waliosilimu. Leo tunasafirisha watu kilomita 500 ili waketi safu 20 nyuma wakisikiliza kipaza sauti, kisha muda wa kujuana tunauita "mapumziko" na kuupa dakika 15. Tumeigeuza ratiba juu chini.

Tatu, fedha tutakayookoa iwe nauli ya wasio na uwezo. Kongamano dogo la siku 2 ambalo maskini amefika ni bora kuliko kubwa lisilo naye.

Nne, kila anayeuliza swali mtandaoni na kuonyesha uhitaji, kwa ridhaa yake, aunganishwe na ndugu mmoja, au dada mmoja kwa dada, aliye karibu naye. Swali lisiishie kwenye skrini.

Katika Suratut Tawba, aya ya 122, Allah (s.w.t.) ameelekeza kwamba Waumini wasitoke wote, bali kitoke kikundi katika kila kundi, kijifunze dini, kisha kiwaonye watu wao kitakaporudi. Hapo kuna wanaosafiri na wanaobaki, na elimu inawafikia wote wawili. Sioni kwa nini kongamano letu lishindwe kupangwa hivyo.

Maswali ya halaqa

1. Chukueni ratiba ya kongamano la mwaka jana. Kwa kila kipengele semeni: kinatosha kwa sikio au kinataka mwili? Toeni sababu.
2. Kwa nini azimio la mwaka 1990 liliitenga ndoa na bei nyingine? Je, sababu hizo zinaweza kupimwa katika mambo ya jumuiya yetu, kama vile uchaguzi wa viongozi?
3. Katika tawi lenu, nani hajawahi kufika ukumbini, na ni kwa sababu gani?

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atupe elimu yenye manufaa, azikutanishe nyoyo zetu kabla ya miili yetu, na awafungulie njia ndugu zetu wanaoishi na imani yao peke yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.